Choo Kwanza, Jukwaa Baadaye: Somo la Kuchagua Mahali pa Vyoo vya Muda



Kila mwaka parokia zetu hupokea umati mkubwa wa watu: jubilei, upadrisho, kipaimara, kongamano la vijana, mkesha, hija. Kamati ya maandalizi huundwa miezi kadhaa kabla. Huwapo kamati ndogo ya chakula, ya mapambo, ya kwaya, ya mapokezi na ya ulinzi. Suala la vyoo mara nyingi huwekwa chini ya "mengineyo" na hujadiliwa wiki ya mwisho, wakati maturubai yameshapangiwa mahali, jukwaa limeshachorwa na jiko limeshapata kona yake. Vyoo hupelekwa palipobaki.

Somo letu la robo hii linahusu hapo palipobaki. Choo kilichowekwa mahali pabaya hakitumiki, hata kama kimekodiwa kwa fedha nyingi. Mama mjamzito akiona choo kiko mbali au gizani, anaacha kunywa maji tangu asubuhi. Mzee anakataa kuja kabisa. Mtoto anajisaidia nyuma ya ukuta, na mvua ikinyesha, kile alichokiacha kinafuata mteremko mpaka kwenye kisima cha majirani. Hivyo sherehe ya siku moja inaweza kuwaachia watu ugonjwa wa majuma mengi.

Tunazungumzia vyoo vya muda vya aina mbili. Ya kwanza ni vyoo vya kuhamishika, yaani vibanda vya plastiki vyenye tangi chini yake, ambavyo hukodiwa mijini. Ya pili ni vyoo vya kuchimbwa kwa ajili ya tukio na kufukiwa baadaye, vikizungushiwa nguzo na maturubai, ambavyo ndivyo vinavyowezekana vijijini. Mambo ya kuangalia katika kuchagua mahali karibu yote ni yale yale.

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

Katika Kumbukumbu la Torati 23:12-14 Waisraeli wanaagizwa kutenga mahali nje ya kambi kwa ajili ya haja, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia ili afukie kinyesi chake. Sababu inayotolewa ni ya kiroho: Mungu mwenyewe hutembea kambini, kwa hiyo kambi iwe takatifu. Usafi wa choo umewekwa pamoja na mambo ya ibada.

Tusome pia aya ya 9, inayoonyesha ni nani wanaoambiwa maneno hayo. Ni jeshi linalotoka kwenda vitani: wanaume wazima, wenye nguvu, wanaoweza kutembea hadi nje ya kambi wakiwa na kifaa mkononi. Umati wetu una bibi anayetembelea mkongojo, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana anayetumia kiti cha magurudumu. Kwa hiyo tunachukua kutoka hapo kanuni mbili: mahali patengwe mapema kabla haja haijaja, na uchafu ufunikwe. Umbali lazima tuupime upya kwa kufuata watu tulio nao.

KAMATI YA PAROKIA NA KISIMA CHA BROAD STREET

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street jijini London, Uingereza. Katika muda wa siku kumi hivi zaidi ya watu 500 walikufa. Daktari John Snow alichunguza mahali walipokuwa wakiishi marehemu, akaona kwamba wengi walitumia maji ya pampu moja. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa.

Wakati huo wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu, hivyo hawakumsadiki. Baadaye mwaka huo huo parokia ya St James iliunda kamati ya uchunguzi. Mmoja wa wajumbe alikuwa Henry Whitehead, kasisi kijana aliyehudumu katika eneo hilo. Mwanzoni yeye mwenyewe alipinga maelezo ya Dk. Snow. Lakini alikuwa anazifahamu familia zile, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza. Aligundua kwamba muda mfupi kabla ya mlipuko, mtoto mchanga wa nyumba namba 40 alikuwa ameugua kuhara, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa mwaka 1855, kuta zake zilionekana zimeoza, na kati yake na kisima palikuwa na nafasi isiyofika mita moja.

Waliochimba shimo hilo hawakuwa na nia mbaya. Walilichimba mahali palipokuwa na nafasi. Pia tuone kwamba ukweli ulithibitishwa kwa msaada wa kamati ya parokia, kwa sababu ilikuwa na mtu anayefahamu watu na aliyekuwa tayari kutembea. Kamati zetu zina watu wa namna hiyo, nao ni viongozi wa jumuiya ndogo ndogo.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kale. Kuanzia Agosti 2015 hadi mapema mwaka 2018, mlipuko wa kipindupindu nchini Tanzania uliwapata zaidi ya watu 30,000 na kuua zaidi ya 500.

MAMBO SABA YA KUANGALIA UWANJANI

Kamati itembee uwanjani kwa miguu, ikiwa na wanawake wasiopungua nusu ya wanaotembea, mzee mmoja, mtu mmoja mwenye ulemavu, na afisa afya wa kata ikiwezekana. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanamume mwenye afya njema hawezi kujua peke yake choo kinahitaji kuwa wapi.

1. Maji. Anzieni kisimani. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada yalianza kuutayarisha mwaka 1997 na ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2018, unataka choo cha shimo kiwe mbali na chanzo cha maji kwa mita zisizopungua 30, na kitako cha shimo kiwe juu ya usawa wa maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Penye mwamba wenye nyufa au mawe ya matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, maji machafu husafiri haraka zaidi, hivyo ongezeni umbali. Wakati wa masika maji ya ardhini hupanda; tazameni kina cha visima vya jirani kabla ya kuchimba. Ikiwa maji yako karibu sana, afadhali kukodi vyoo vyenye tangi. Hata hivyo tangi nalo hupasuka au kufurika, kwa hiyo tunashauri mita 30 zifuatwe kwa aina zote mbili.

2. Mteremko. Mwageni ndoo ya maji mahali mnapopafikiria, mwone yanaelekea wapi. Yakielekea kisimani, jikoni au kwenye viti vya watu, hameni. Vibanda vya plastiki vinahitaji ardhi iliyo sawa. Kikiinama, mlango haufungi vizuri na tangi humwagika upande mmoja.

3. Upepo. Pwani tunajua kwamba kusi hutawala takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba na kaskazi takriban kuanzia Novemba hadi Machi. Kando ya bahari na ya maziwa makubwa upepo hubadilika pia kwa saa: mchana hutoka majini kuja nchi kavu, usiku hurudi. Njia rahisi ni kuwasha majani makavu kidogo saa ile ile ambayo tukio litafanyika, na kutazama moshi unakokwenda. Vyoo viwekwe upande ambao upepo unatoka kwa watu na jikoni kwenda vyooni.

4. Njia ya kwenda. Hapa ndipo kamati nyingi hupotea. Choo kikiwa nyuma ya jukwaa, kila anayekwenda lazima apite mbele ya askofu, wageni na kwaya. Vijana wa kiume huenda. Wanawake wengi hubaki wamekaa na maumivu yao. Njia ianzie pembeni au nyuma ya umati. Sphere hutaka choo cha pamoja kisizidi mita 50 kutoka mahali watu wanapolala, na umbali huo ni kipimo kizuri kwa mikutano pia. Njia isiwe na mawe wala mtaro, iwe na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Penye kupanda, mteremko wa njia usizidi sentimita moja ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu.

5. Stara na usalama. Vyoo vya wanawake na vya wanaume vitenganishwe, kila upande uwe na njia yake. Milango ielekee mahali ambapo watu wapo lakini hawakai kutazama. Isielekee vichakani, ukuta usio na watu au kijiwe cha vijana. Kama kuna mkesha, pawe na taa njiani, siyo mlangoni tu. Upande wa wanawake pawe na maji na ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya taulo za kike zilizotumika.

6. Gari la kunyonya majitaka. Vyoo vya kuhamishika vikijaa lazima gari livifikie. Ulizeni mapema urefu wa mpira wake na upana wa lango linalohitajika. Gari hilo ni zito. Likipita kwenye majani yaliyolowa mvua ya usiku, linakwama katikati ya ibada. Tena lisipite kati ya watu. Vyoo vya kuchimbwa havihitaji gari, lakini vinahitaji udongo mkavu ubaki kando ya shimo wa kufukia kila siku na mwisho wa tukio.

7. Jua na kivuli. Kibanda cha plastiki kilichopigwa na jua tangu asubuhi huwa kama tanuri saa nane mchana. Kivuli cha jengo cha alasiri huangukia upande wa mashariki, na hapo ni mahali pazuri. Msichukue mwembe ambao watu wanakaa chini yake, maana watu wakifukuzwa kivulini watakasirikia choo.

Liko pia jambo la ujirani mwema. Sherehe zetu huhudhuriwa na ndugu zetu Waislamu, ambao huepuka kuelekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Kwa mwambao wa Tanzania na Kenya, Makka iko karibu kabisa na kaskazini. Kwa hiyo anayekaa chooni aelekee mashariki au magharibi. Kugeuza kibanda siku ya kukishusha hakugharimu kitu.

MAHITAJI YA MATUNDU

Wengi huanza na swali la matundu mangapi. Kwa kambi ambako watu wanaishi, Sphere huanza na tundu moja kwa watu 50, kisha moja kwa watu 20, na matundu matatu ya wanawake kwa kila moja la wanaume. Kwa tukio la siku moja, hesabu ya foleni husaidia zaidi.

Tuchukue watu 1,200: wanawake na wasichana 700, wanaume na wavulana 500. Tukadirie kwamba nusu yao watakwenda chooni katika mapumziko ya saa moja. Mwanamke mmoja akitumia dakika 3, tundu moja linahudumia 20 kwa saa. Wanawake 350 wanahitaji matundu 18. Wanaume 250, wengi wao wakiwa na haja ndogo ya dakika moja, watatoshwa na nafasi 5 za kukojolea na matundu 3. Kama fedha inatosha matundu 9 tu ya wanawake, ratiba iwe na mapumziko mawili, au moja la saa mbili. Vyoo vya shule jirani navyo vihesabiwe, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu.

Hesabu nyingine ni ya tangi. Tuseme tangi linabaki na nafasi ya lita 180. Kila mtu akiongeza nusu lita, litajaa baada ya watu 360. Lakini kwetu wengi hujisafisha kwa maji. Kila mtu akiongeza lita moja na nusu, litajaa baada ya watu 120. Msikubali hesabu ya mwenye vyoo bila kumwambia kwamba watu wenu hutumia maji.

ZOEZI: UWANJA MMOJA, MAHALI PANNE

Tufikirie uwanja wa parokia. Kanisa liko magharibi, juu, na jukwaa limejengwa mbele yake. Ardhi inateremka kuelekea mashariki. Kisima cha pampu kiko kona ya kusini mashariki, na jiko la akina mama wa WAWATA liko karibu nacho. Lango kuu liko kusini. Kaskazini kuna darasa la shule na lango dogo la magari. Ni Julai, upepo unatoka kusini. Wajumbe wanapendekeza mahali panne.

Nyuma ya kanisa. Pana stara. Lakini wote watapita mbele ya jukwaa, gari halifiki, na ni pweke mno kwa msichana.

Chini ya mwembe karibu na pampu. Pana kivuli, na maji ya kunawa hayachotwi mbali. Lakini ni hatua 12 tu kutoka kisimani, na jiko liko pembeni.

Karibu na lango kuu. Gari litafika bila shida. Lakini upepo utaleta harufu kwa umati mzima, na milango itatazama barabara.

Upande wa kaskazini, mashariki ya ukuta wa darasa. Upepo unatoka kwa watu kwenda huko, kisima kiko kona ya mbali, maji ya mvua hayaelekei pampuni, gari linaingia kwa lango dogo, na alasiri pana kivuli. Ni hatua kubwa 45 kutoka safu ya mwisho ya viti. Kasoro ni mbili: pana mtaro wa kuvuka, na usiku pana giza.

Hakuna mahali pasipo na kasoro. Kamati yenye busara itauliza ni kasoro ipi inayorekebishika. Mtaro unawekewa kivuko cha mbao nusu siku. Giza linaondolewa kwa taa mbili. Bali kisima hakihamishiki, upepo hauamrishwi, na aibu ya mama haiondolewi kwa tangazo la kipaza sauti. Kwa hiyo wachague kaskazini, na kivuko pamoja na taa viingizwe kwenye bajeti tangu siku hiyo. Vibanda viwili vya wazee na wenye ulemavu viletwe karibu zaidi, upande huo huo wa mtaro walipo watu.

Vifaa vya kunawa, iwe ndoo zenye bomba au vibuyu chirizi pamoja na sabuni, viwekwe kwenye njia ya kurudi, ili kila mtu avipite bila kuvitafuta. Mwisho wa yote, kamati ijue majitaka yatamwagwa wapi. Afisa afya ataeleza mahali halmashauri inaporuhusu. Kumwaga mtoni au shambani kwa mtu ni kuhamisha tatizo kwenda kwa jirani asiyealikwa.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru wafadhili wanaotusaidia kulipia vyoo vya mikutano. Tunawaomba jambo moja: pamoja na ankara ya kukodi, ombeni mchoro wa uwanja wenye kisima, jiko, jukwaa, njia na vyoo, na majina ya wanawake walioshiriki kupachagua mahali. Kubalini pia kwamba taa, kivuko, sabuni, malipo ya mtunzaji na safari za gari ni sehemu ya choo. Vibanda sita vyenye njia nzuri na mtunzaji vinaweza kuwafaa watu kuliko kumi vilivyoachwa gizani.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya vibanda vilivyoletwa. Asubuhi inayofuata tukio, mwenyekiti wa kamati azunguke nyuma ya kuta, vichakani na kando ya mtaro. Akikuta watu walijisaidia huko, aandike katika taarifa ni upande gani. Mahali hapo patakuwa panaonyesha choo kilipaswa kuwa karibu na wapi, na tukio lijalo litapangwa vizuri zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika tukio letu lililopita, nani alichagua mahali pa vyoo, na lini?
2. Chanzo cha maji kilicho karibu na uwanja wetu ni cha nani? Tumewahi kupima umbali wake kwa hatua?
3. Waulizeni akina mama watano, kwa faragha: siku ya tukio walikunywa maji? Kama hapana, kwa nini?
4. Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kutoka kwenye kiti chake uwanjani hadi chooni na kurudi bila kubebwa?
5. Choreni uwanja wenu kwenye karatasi kubwa. Wekeni kwanza kisima, kisha mshale wa upepo na wa mteremko, kisha vyoo. Baada ya hapo ndipo muweke jukwaa.

Tunawatakia maandalizi mema. Kamati itakayofanya zoezi hili itutumie mchoro wake, ili parokia nyingine nazo zijifunze.